Mayai Niliyoyafuta kwa Pembe ya Khanga

Chemchem, Tabora
Jumapili, jua likielekea kuzama

Mwanangu Nyamizi,

Umekwenda kwa Bi Zuhura kusukwa nywele, na najua hutarudi mapema, maana Bi Zuhura akishamshika mtu kichwa hamwachii mpaka habari zake zote ziishe. Baba yako yuko uani anapiga randa kifuniko cha sanduku lako. Nimekaa mlangoni, karatasi nimeziweka juu ya ungo niliougeuza, naandika. Nikisema kwa mdomo nitakasirika katikati ya maneno, kama juzi.

Juzi uliniambia, "Mama, sitapanda treni mpaka wewe useme niende. Baba amekubali, lakini nataka neno lako."

Nikakujibu, "Kamwulize mama yako wa mayai."

Ukachukua ndoo ukaenda kuteka maji. Tangu hapo jibu lile halijaniacha. Treni ya Mwanza ni kesho, na baada ya treni kuna meli ya kuvuka ziwa kwenda Uganda, na neno langu bado hujalipata. Barua hii ndiyo neno langu. Lakini siwezi kuliandika kabla sijakueleza lilikotoka.

Habari za blanketi na mafuta ya kujipaka na baridi ya ziwani sitaziandika. Umezisikia zote, na nyingine Bi Zuhura anakuongezea sasa hivi. Nataka nikuandikie habari ya wivu, kwa sababu ndicho kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote nyumbani humu, na sijawahi kukitaja kwa jina lake.

Unakumbuka jinsi Bibi Mayai alivyopata jina. Alipofika mjini hatukujua kazi yake. Tulisikia tu kwamba kuna daktari mwanamke wa Kizungu, amepewa chumba cha nyuma katika maabara ya Bwana Mifugo, njia ya Itetemia, naye anatafuta mayai. Alikuwa akisimama sokoni na Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, anamwuliza kila mwenye kapu, "Hili lina baba?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Zuhura akamwambia, "Mama, nikuletee na shahidi wa ndoa?"

"Shahidi nani?"

"Jogoo mwenyewe!"

Naye akacheka pamoja nao, ingawa sidhani kama alielewa yote. Mimi nilicheka pia. Kisha nikamwuzia mayai, kwa kuwa kuku wangu wana jogoo, nikakutuma wewe umpelekee, kwa kuwa ulikuwa umemaliza shule ya kati na umekaa tu nyumbani. Basi nimejisemea mara nyingi kwamba yule mwanamke alikuchukua, lakini haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyekutwika kapu kichwani nikakuonyesha njia.

Ulikwenda asubuhi ukarudi jioni. Siku ya pili vivyo hivyo. Haukupita muda ukawa wewe ndiye unayegeuza mayai katika lile sanduku la joto alilolitengeneza baba yako, lenye taa ya mafuta chini yake. Baadaye ukawa unakata ganda kwa msumeno mdogo, unafungua dirisha dogo la kuchungulia ndani, unaliziba tena kwa nta. Ukaanza kurudi na habari za sungura wanaofugwa huko nyuma ya maabara, na maneno. Seramu. Darubini. Mishipa ya fahamu. Baba yako alikuwa akikuuliza, nawe unamchorea chini kwa kijiti, naye anapiga magoti ili aone vizuri. Mimi nilikuwa jikoni, nasonga ugali kwa nguvu kuliko ugali wenyewe ulivyohitaji.

Hapo nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba. Babu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, akarudi, akaenda tena, kwa njia ileile ambayo ninyi watoto mnapita mkienda shamba bila kujua ni njia gani. Bibi alinisimulia kwamba safari ya kwanza alikaa na hofu moja tu, kwamba mume wake atarudi na mke wa huko. Hakurudi na mke. Alirudi anajua Kiswahili. Jioni alikuwa akikaa na wapagazi wenzake mbele ya nyumba, wanazungumza na kucheka, naye bibi, aliyejua Kinyamwezi peke yake, anawaletea pombe haelewi wanacheka nini.

"Mwanamke ningempiga," bibi aliniambia. "Maneno ningeyapigaje?"

Nikamwuliza, "Kwa nini hukumwomba babu akufundishe?"

"Nimwombe?" akasema, na mpaka anazeeka bado alikuwa na hasira na swali hilo.

Mimi nami nilikuwa nakwenda njia ya bibi yangu. Nilijua kusoma na kuandika, masista walinifundisha vizuri, lakini sikuweza kufungua mdomo nikakuuliza wewe niliyekuzaa. Mwishowe niliuliza, na niliuliza vibaya, kama mtu anayetafuta ugomvi: "Hivi sungura wanahusiana nini na mayai?"

Wewe hukuuona ugomvi. Ulifurahi! Ulivuta ungo wa karanga nilizokuwa nachambua, ukazitawanya.

"Mama, tuseme hii ni damu ya sungura. Ndani ya damu kuna askari. Kiswahili chake hatuna, mimi nawaita askari. Sasa sungura hajawahi kuona mishipa ya fahamu ya kifaranga. Tukiisaga mishipa hiyo tukampiga nayo sindano, damu yake inashtuka, inasema, huyu mgeni ni nani? Inatengeneza askari wa kumshika mgeni huyo tu. Nyama hawaigusi, mfupa hawaugusi. Wanashika mishipa ya fahamu basi."

"Wanaijuaje?"

"Wamefundishwa."

"Na ninyi mnawafanyia nini?"

"Tunatoa damu ya sungura kidogo, tunaiacha igande, tunachukua maji yanayobaki juu. Ndiyo seramu, na askari wamo humo. Tunaidondosha ndani ya yai kupitia lile dirisha, wakati kifaranga bado hana sura, mishipa yake ndiyo kwanza inatoka mgongoni inaelekea kwenye bawa. Tunataka kujua, askari wakiishika mapema hivyo, mishipa itafika au itakoma njiani?"

"Mnamwonea kifaranga wa watu."

"Bibi Mayai anasema kuna watoto wanaozaliwa na miguu isiyosikia chochote. Anasema tusipojua mishipa inavyokua, hatutajua kwa nini mingine haikui."

Ulidhani nilizirudia karanga zangu kwa sababu sikuelewa. Nilielewa kila kitu. Nilizirudia kwa sababu ulisema "Bibi Mayai anasema" kwa sauti ileile uliyokuwa ukisema "Mama anasema" ulipokuwa mdogo, ukiwafokea watoto wenzako hapo uani. Kuanzia siku ile nikawa na askari wangu mwenyewe. Nilikaa vizuri na watu wote, nilicheka na jirani, niliimba kanisani, wala hakuna mtu aliyenichoma moyo ila yeye. Akitajwa yeye tu, kitu ndani yangu kinaamka na kushika.

Na maneno yakaanza kunitoka. Nilisema anakula vifaranga wasiozaliwa. Nilisema hana mtoto ndiyo maana anachungulia watoto wa kuku. Hilo la pili nililisema mbele yako, na uso wako nauona mpaka leo.

Kisha ukanialika niende nikaone. Nilivaa khanga mpya, nikajaza kikapu karanga, maana sijawahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Bibi Mayai akanipokea mlangoni. "Shikamoo, Mama Nyamizi," akasema, ingawa tunalingana umri, pengine yeye ni mkubwa kwangu. Sikumsahihisha. Nilijibu marahaba upesi na nikaona raha.

Wewe ndiye uliyenionyesha. Uliondoa nta, ukanishika shingo taratibu ukaniinamisha juu ya yai. Niliona kitu chekundu kidogo kuliko punje ya mtama, kinapiga. Kinapiga kweli, peke yake, bila mama juu yake. Mishipa ya damu imetandazwa kando kama mizizi ya mchicha. Nilitoa uso, nikaurudisha tena. Nimeangua vifaranga maisha yangu yote, na sikuwahi kuona wanakotokea. Nilitaka kukwambia ni kizuri. Nikasema, "Chumba chenu kina joto."

Halafu ile kelele nje. Sungura alikuwa ametoroka, Bwana Mifugo anapiga ukelele, na ninyi wawili mkatoka mbio, wewe mbele, yeye nyuma ameshika sketi. Niliwasikia mnacheka mkimzunguka sungura nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki na mayai.

Kwetu mgeni akiachwa peke yake hakai akitazama ukuta. Hufagia, huchambua mchele, hufanya lolote ili mwenyeji akirudi akute mkono wake umesaidia. Nikatazama. Mayai yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye trei, nta imezibwa vizuri, lakini maganda yalikuwa machafu, yamechorwachorwa penseli, haya misalaba, yale viduara. Nikawaza, jamani, kazi nzuri hii ya mwanangu, na mtu amechezea penseli yake juu yake. Mayai ya kuatamia hayaoshwi, hilo nalijua. Lakini kufuta si kuosha. Nikalowesha pembe ya khanga kwa mate, kama nilivyokuwa nakufuta uso kabla ya misa, nikafuta yai moja moja. Sikugusa nta. Kila moja nililirudisha palepale lilipokuwa.

Mliingia mnahema, sungura ananing'inia mkononi mwa Bibi Mayai. Ukatazama trei.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimeondoa uchafu."

"Zile ni alama! Msalaba ni seramu ya sungura aliyefundishwa, duara ni ya sungura wa kawaida! Sasa tutajuaje lipi ni lipi?"

Ukaanza kulia. Bibi Mayai akamweka sungura chini, akakushika bega, nawe ukamwegemea. Hukufikiri, ulimwegemea tu, kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake. Nilisimama na pembe yangu ya khanga imelowa, nikaona kwamba katika chumba kile mgeni alikuwa mmoja.

Njiani kurudi, tulipofika penye miembe ile ya barabara ya zamani, uliniuliza, "Mama, ulifanya makusudi?"

Nilitangulia mbele yako mpaka nyumbani, na hujaniuliza tena.

Nakujibu leo. Hapana, sikufanya makusudi. Sikujua alama zile ni za nini, nilidhani nakusaidia. Lakini nimefikiri sana kwa nini uliweza kuniuliza, na sikulaumu. Nilikuwa nimekupa sababu zote. Mtu aliyesema niliyokuwa nayasema mimi, akikutwa peke yake na mayai yaliyofutwa, hata mimi ningemwuliza. Hilo ndilo nililojifunza kwa wivu, Nyamizi. Nilipotenda jambo kwa nia safi, hakukuwa na mtu wa kulitambua.

Alikuwepo mmoja. Hili hulijui, kwa sababu ulikuwa umekwenda kisimani. Kesho yake Bibi Mayai alikuja hapa peke yake, anarudisha kikapu changu. Alikuwa ametia sukari ndani, sijui ni nani aliyemfundisha kwamba kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Nadhani ni wewe. Akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni.

Akasema, "Nyamizi ameniuliza kama mama yake alitaka kuharibu kazi. Nimemwambia hapana."

"Umejuaje?" nikamwuliza. Sikusema kwa upole.

"Mtu anayetaka kuharibu hutikisa. Wewe uliyarudisha yote, kila moja upande wake uleule. Leo asubuhi nimechungulia. Mioyo yote inapiga."

Mwanangu, nilimchukia dakika ile kuliko siku zote. Wewe niliyekuzaa hukuniamini, akaniamini yeye. Nilitaka anitukane ili mambo yakae sawa. Badala yake akaniuliza kama nina mayai mengine.

"Yenye baba?" nikasema.

"Yenye baba."

Tukacheka sote wawili, na kicheko chenyewe kikanitia hasira. Nikampa mayai. Mkaanza kazi upya kwa mayai ya kuku wangu, na nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba safari hii katika baadhi ya vifaranga mishipa ya bawa haikufika kama ya wenzao, na kwamba hamjui bado ni kwa nini, na kwamba darubini ya hapa haitoshi. Ndipo ikaja habari ya Uganda, ya chuo, ya Bibi Mayai kuhamishiwa huko na kutaka mwende pamoja.

Kuna jambo jingine nataka ulijue. Nilipokuwa na umri kama wako, sista mwalimu wetu alisimama mbele ya darasa akasema, "Wawili watakwenda kusomea uuguzi. Felista na Veronika." Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha Felista hesabu kabla ya kulala. Akatajwa yeye kwanza. Nikainua mkono, nikasema mimi siendi.

Nilitarajia sista aniulize kwa nini. Nilitarajia aniite pembeni, anibembeleze, aniambie, Veronika, bila wewe haiwezekani. Akasema, "Haya." Akamtaja msichana mwingine.

Felista alipokuja likizo na viatu vyake vyeupe nilijificha jikoni mpaka akaondoka. Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba wazazi wangu ndio walionikataza. Hawakujua hata kwamba niliitwa.

Kwa hiyo juzi uliponiambia unataka neno langu, nilifanya kama siku ile darasani. Nilikupa jibu la ukali nikangoja unibembeleze. Nilitaka useme, Mama, wewe ni zaidi yake. Ukachukua ndoo. Na ilikuwa haki yako kuchukua ndoo.

Nimeandika mpaka hapa nikidhani namzungumzia Bibi Mayai. Baba yako ameacha kupiga randa, ananitazama, anauliza kama nalia. Nimemwambia ni moshi, na moto wenyewe sijawasha. Ukweli ni kwamba Bibi Mayai ningemvumilia. Anayeniuma ni wewe. Nakuonea wivu wewe, mwanangu. Mikono yako inayokata ganda bila kutikisika ni mikono yangu, macho ni yangu, hata ile namna yako ya kuuma ulimi ukifanya kazi ngumu ni yangu, nami nimevitumia vyote hivyo kuchambua karanga. Ulipoitwa, ulisema ndiyo bila kutazama nani ametajwa kwanza. Hukujifunza kwangu jambo hilo, na sijui ulilipata wapi. Nimekutazama ukikunja nguo zako wiki hii nikajiuliza kama kuna mama mwingine katika mji huu anayeona mtoto wake anafanikiwa na akahisi amepokonywa kitu. Sijamwuliza mtu. Labda wapo, nao wanasonga ugali kwa nguvu.

Sikwambii hivi ili unihurumie ukabaki. Ukibaki, nitakuwa nimekufanyia nilichojifanyia mwenyewe, na tutakaa humu ndani wawili tukiangaliana.

Basi neno langu ni hili: panda. Panda kesho, na usishuke kwa sababu ya uso wangu pale stesheni, hata kama utakuwa mbaya. Nitakuja. Nitasimama karibu na Bibi Mayai na nitamwamkia, safari hii mimi kwanza, na pengine nitasema jambo la kipumbavu. Usinionee haya sana.

Naomba kitu kimoja tu. Utaniandikia, najua, na najua utakuwa ukichagua maneno. Utaandika kwamba chakula cha huko hakina ladha, kwamba Bibi Mayai ni mkali siku hizi, kwamba hakuna kama nyumbani. Usinifanyie hivyo. Ikiwa anakupenda, andika anakupenda. Ikiwa mmeona mshipa unafika kwenye bawa, nanyi mkashikana mikono mkarukaruka, niandikie mlivyoruka. Niandikie na kazi yenyewe, kila neno, na nisipoelewa nitauliza, sasa naweza. Nitaumia. Nitaiweka barua chini, nitakwenda kuwafokea kuku, kisha nitarudi niisome mpaka mwisho.

Nasikia sauti ya Bi Zuhura njiani, anakusindikiza huku bado anasema. Naacha hapa.

Mama yako,
Veronika